Uzi wa Guka Hautatolewa

Wembley, London.
Jumapili, 14 Septemba 2025.

Mpendwa Shangazi Emma,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa binti yangu Makena. Hujambo? Goti lako linaendeleaje? Nataka kujua kama unafanya yale mazoezi niliyokuonyesha mwaka jana, au bado unamwambia daktari ndiyo, ndiyo, kisha unarudi nyumbani kupiga magoti kwenye sukumawiki. Dawa za presha usiziruke hata ukijisikia mzima. Na yule ng'ombe, amezaa?

Sisi huku hatujambo. Baridi imeanza kunusa madirisha mapema mwaka huu. Makena ameingia kidato cha mwisho na bado nikimwuliza kwa Kiswahili ananijibu kwa Kiingereza, lakini juzi nilimsikia akimfokea paka kwa Kikuyu, kwa hiyo kuna kitu kimeingia. Mimi niko palepale hospitalini, wodi ya mifupa, na miguu inaniuma kila jioni.

Sasa nije kwa kilichonishikisha kalamu. Umenikatia simu mara mbili. Ujumbe wako wa sauti wa dakika saba nimeusikiliza wote, hata pale mwishoni uliposahau kuzima ukaanza kugombana na jogoo. Barua huwezi kuikata. Ataileta Collins wa kanisa letu, anayekuja likizo, na nimemwambia asitoke hapo kwako mpaka akuone umevaa miwani.

Umeniamuru mambo mawili. La kwanza, niachane na lile gongo la mpira la Southall na nisimtaje Guka, baba yako, mbele ya watu. La pili, Desemba tutakapoweka jiwe jipya kwenye kaburi la Guka, jiwe litachongwa "Aliyekuwa Karani", na mimi nisifungue mdomo. Shangazi, wewe ndiye uliyenilea Mama alipofariki, na heshima yako haipungui hata kidogo. Lakini yote mawili nayakataa. Nayakataa nikiwa nimekaa vizuri, nimekunywa chai, wala hakuna hasira iliyonipanda ghafla. Nisome mpaka mwisho kabla hujaanza kuniombea.

Uliniuliza, kwa ile sauti yako ya kubana pua, mtu mzima anachaguaje kuni moja akaacha nyingine. Nitakujibu. Southall kuna kundi la wazee, wengi wao Wahindi waliozaliwa Nairobi, Nakuru na Kisumu, wanaokusanya magongo ya zamani, yale ya mpira wa magongo walioucheza ujanani. Hukutana Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi katika ukumbi ulio nyuma ya duka la vitambaa. Mwenzangu wa wodini alinipeleka huko miaka minne iliyopita, akisema nitapata watu wa kuongea nao Kiswahili. Nilienda kwa ajili ya Kiswahili na chai. Magongo yakaninasa.

Wana masharti yao. Kwanza wanatafuta muhuri wa kiwanda uliopigwa kwenye mti, na ukisomeka vizuri utaona wazee wanatabasamu. Kisha wanatazama kichwa, maana magongo ya zamani sana yana kichwa kirefu kilicholala, na yaliyokuja baadaye kimejikunja kifupi. Wanalipima uzito mkononi. Wanafuata mistari ya mti kwa kidole kuona kama imepinda pamoja na kichwa au imekatwa njiani. Mti wa forsadi ndio wanaousifu zaidi. Kitambaa cha mpini wanataka kiwe kilekile lililotoka nacho dukani. Na juu ya yote wanauliza nani alilicheza. Likiwa la mchezaji aliyesifika, na pana picha au barua ya kuthibitisha, watu wenye wajukuu watalipigania kama watoto wadogo. Lakini likiwa limepasuka likafungwa uzi, wanalisukuma kando. Wanaliita mgonjwa.

Mimi nachagua hao wagonjwa. Ninayo tisa sebuleni, na hakuna hata moja ambalo halikuwahi kuvunjika. Mzee Alkesh, mwenyekiti wa kundi, huniambia nakusanya takataka, nami humwambia takataka zangu zilicheza mpira na yake yalikaa kabatini. Gongo zima lisilo na mkwaruzo, nani alilipenda? Lililopasuka, mwenyewe alilipeleka kwa fundi kwa sababu hakutaka jingine. Tena kazi yangu ni kufunga mifupa ya watu. Nikiona kitu kimefungwa vizuri siwezi kukipita.

Ngoja nikuambie kosa langu, ambalo sijamwambia mtu yeyote wa nyumbani. Gongo langu la kwanza nililiokota kwenye kibanda cha vitu vikuukuu sokoni Woolwich. Lilikuwa jeusi kwa uchafu, na shingoni limezungushiwa uzi uliokauka kama lami. Mimi ni mtoto wako. Ulitufundisha kwamba kitu kikuukuu kikiingia ndani ya nyumba kinasuguliwa mpaka kijione kipya. Basi nikachukua makasi yangu ya bandeji, nikaukata ule uzi wote, nikapiga msasa, nikapaka mafuta ya mbao, likang'aa kuliko viti vya kanisani. Nikalibeba kwenda Southall kifua mbele. Mzee Alkesh akaligeuzageuza, akaniuliza nguo zake ziko wapi. Walicheka mpaka chai ikamwagika, nami nikacheka nao.

Mwaka mmoja baadaye nilikuwa natafuta picha fulani kwenye simu, nikakuta ile niliyolipiga gongo hilo sokoni kabla sijalikata. Nikaikuza. Uzi ulikuwa umezungushwa kinyume.

Chukua kijiti, Shangazi, ukizungushie uzi kwa mkono wa kulia, utazame mistari inavyolala. Karibu mafundi wote hufunga hivyo. Ule ulikuwa umelala upande wa pili, na mwisho wake haukuwa na fundo. Ulikuwa umepitishwa chini ya mizunguko na kuvutwa ukapotelea ndani. Kazi hiyo nilikuwa nimeiona ikifanywa. Niliiona Gatundu, nyuma ya zizi, Guka akifunga mpini wa jembe uliopasuka: ameubana kwapani, anazungusha kwa mkono wa kushoto, anaupitisha uzi kwenye nta kila baada ya mizunguko michache. Wewe ulikuwa ukitupiga vidole tukishika kijiko kwa mkono huo. Tukikuuliza mbona Guka, unasema Guka ni mtu mzima.

Nilikaa chini jikoni nikalia, sikufichi. Huenda haikuwa kazi yake, dunia ina mafundi wengi wa mkono wa kushoto. Lakini huenda ilikuwa. Huenda mkono wa babu yangu, uliofunga magongo ya Wahindi Nairobi miaka ile, ulivuka mpaka huku, ukakaa miaka hamsini bila kufunguka, na mjukuu wake mwenyewe akaukata vipande akautia kwenye pipa la taka. Wala hakuna aliyenilazimisha. Nilifanya kwa mapenzi, huku naimba.

Ndiyo maana mwezi wa sita, mama mmoja aitwaye Kuldip alipoingia ukumbini na gongo la marehemu baba yake, mimi sikuweza kukaa. Kuldip ni mwalimu mstaafu, mtu wa maneno machache. Baba yake, Balwinder, alichezea klabu ya Ngara miaka ya sitini, klabu ileile na miaka ileile ambayo Guka alikuwa akitengeneza magongo pale. Kundi linaandaa kabati la kioo ukutani, magongo kumi na mawili yatakayobaki hapo siku zote, na la Balwinder ndilo lililokusudiwa kukaa katikati. Nilipewa nilishike. Limefungwa kuanzia kwenye kisigino cha kichwa mpaka kupita shingo, mizunguko imeshikana hata ukucha haupiti. Uzi umelala kinyume. Fundo hakuna.

Mzee Alkesh akatoa miwani yake ya kukuzia, akatazama, akasema, "Gongo iko fiti kabisa, muhuri unaonekana. Hii uzi tu ni repair ya baadaye. Tunatoa, tunasafisha polepole, inarudi vile ilitoka factory."

Nikasimama. Nikamwambia, "Alkesh, mkono wako ukivunjika na mfupa ukashika, utakuja kwangu nikuvunje tena ili urudi vile ulizaliwa?"

Hapo ndipo nilipolitaja jina la Guka, na hilo ndilo lililokuudhi ulipolisikia kwa watu. Niliwaambia nani alifunga uzi ule na kwa mkono gani. Niliwaambia pia habari za kikombe. Sikuwaficha.

Najua kwa nini hutaki, Shangazi. Ulinisimulia mara moja tu, siku ya matanga ya Baba, na hukurudia tena. Ulikuwa na miaka tisa, mnaishi Pangani, unampelekea Guka chakula klabuni kwa mlango wa nyuma. Kikombe chake cha bati kilining'inizwa kwenye msumari nje ili kisichanganyike na vya ndani. Shuleni walikuita mtoto wa boi. Uliapa kwamba ukikua hakuna atakayekuita hivyo tena. Guka alipofariki, ukapigisha chapa kwenye karatasi ya ibada kwamba alikuwa karani wa klabu. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Niliisoma karatasi ile, nikamtazama Baba, naye akatazama viatu vyake. Hasira yako ni ya haki na mimi pia ninayo. Nilipowaeleza wazee wale kuhusu msumari ule, sikupunguza neno kwa ajili ya kuwapendeza.

Mzee mmoja akaanza kusema mambo ya zamani tuyaache, mwenzake akamwekea mkono gotini kumzuia. Kisha Kuldip akasema, "Baba kila wakati alikuwa anasema, peleka gongo kwa Kushoto. Mtu mwingine asiiguse. Mimi nilikuwa mtoto, nilidhani Kushoto ni jina ya duka."

Fikiria hilo. Mtu alikabidhiwa kitu ambacho Balwinder hakumpa mwingine akiguse, kwa miaka na miaka, na hakuna aliyejisumbua kujua anaitwa nani. Mkono wake waliujua vizuri sana.

Mzee Alkesh si mtu mbaya. Kila mwezi hunipa chupa ya achari aliyoitengeneza mwenyewe, na mara nyingine hunisindikiza mpaka kituo cha basi. Alikubali uzi ubaki. Nikashukuru. Kisha akaandika kwa mkono wake kibao kitakachowekwa chini ya gongo: jina la Balwinder, jina la kiwanda, mwaka, na chini kabisa, kwa herufi ndogo, "limetengenezwa na mfanyakazi wa klabu". Nikamwambia aongeze jina. Akasema kibao hakina nafasi. Nikamwambia apunguze la kiwanda. Akacheka, akadhani natania, nami sikuwa natania. Nikamwambia jina la fundi likikosekana, mimi siku ya kufungua kabati sitakuja, na nitawaeleza wote watakaouliza kwa nini.

Kuldip akalichukua gongo mezani, akalifunga kwenye mtandio wake, akatoka. Mimi nikadhani nimeharibu kila kitu. Nilimkuta nje, barabarani, kwenye kelele za mabasi na muziki wa maduka, akinisubiri. Akanitia gongo mikononi. "Jina ya baba yangu watu wanajua," akasema. "Kaa nayo mpaka waandike jina ya mzee yako."

Liko hapa nyumbani, juu ya kabati la vitabu, Makena haruhusiwi hata kulipangusa vumbi. Kabati la Southall lina magongo kumi na moja na pengo katikati. Mzee Alkesh amenipigia simu mara nne. Mara ya mwisho aliniambia ataandika "fundi Njenga". Nikamjibu kwamba mtu huyo aliitwa Njenga wa Kamau, wa Gatundu, na kwamba Balwinder ameandikiwa majina yake yote. Bado anafikiri. Mwache afikiri, pengo halinisumbui. Heri pengo kuliko gongo lililonyimwa jina la fundi wake.

Sasa nije kwako, Shangazi, maana Alkesh nimeshamaliza naye na wewe ndiye unayeniumiza. Yeye alitaka kumwondoa Guka kwa sababu anadhani uzi unaharibu gongo. Wewe unataka kumwondoa kwa sababu unadhani kazi ile inaharibu ukoo. Yeye anamvua uzi, wewe unamvisha tai. Mimi naona ni mtu yuleyule anayefutwa mara mbili, na mara ya pili ni mbaya zaidi, maana anafutwa na mwanawe.

Karani! Tangu lini Guka akashika kalamu? Alitia kidole gumba hata kwenye hati ya shamba. Karani wa klabu ile alikuwepo, bila shaka alivaa soksi ndefu, na hakuna mtu London wala Gatundu anayemkumbuka. Alichofunga Guka bado kimeshika. Nimekivuta kwa nguvu, nimekigonga na kucha, hakikutikisika. Siku za wikendi nafundisha manesi wapya kufunga bandeji na nusu yao zinawafunguka kabla ya chakula cha mchana.

Usinielewe vibaya. Sisemi klabu ile ilikuwa nzuri, wala simsamehei mtu kwa niaba yako. Aliyetundika kikombe kile nje ndiye mwenye aibu. Umeibeba aibu yake miaka sitini na tano, na nimechoka kukuona umeibeba. Hukuiiba wewe. Irudishe kwa wenyewe.

Nimeshakata tiketi. Nitafika tarehe kumi na nane Desemba, na gongo la Balwinder nitakuja nalo. Kuldip ameniruhusu, tena ameniomba. Jiwe ni lako kuamua, wewe ndiye mtoto wake aliyebaki, na mchongaji atafuata neno lako. Sitagombana nawe makaburini mbele ya mchungaji. Ila nitafanya jambo moja. Asubuhi ile, kabla watu hawajaja, nitakuwekea gongo lile mikononi. Baba aliniambia siku moja, wewe ukiwa hupo, kwamba Guka hakuwa akifunga peke yake, kwamba mtu wa kushika donge la uzi na kuukaza alikuwa binti yake mdogo aliyeleta chakula. Kama ni kweli, basi ule uzi umepita mikononi mwako pia, Shangazi. Weka kidole hapo ulipoukaza. Ukimaliza, kama mdomo wako bado unaweza kusema karani, liseme huku umelishika gongo.

Nisalimie binamu Jotham na mkewe, umwambie viatu vya watoto nimepata. Msalimie Njoroge wa dukani, na mama Tevin jirani yako, salamu zake nimezipokea. Makena anakusalimu sana na anauliza kama bado unaweka asali kwenye uji.

Mungu akulinde, akunyooshe goti, akupe usingizi mzuri hata baada ya kusoma haya.

Ni mimi nikupendaye, na sirudi nyuma,

Priscilla,
mjukuu wa Njenga wa Kamau, fundi wa magongo.